Annette Kellerman, nguva wa Sydney: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukimtaja Annette Kellerman mbele ya wapenzi wa kuogelea, swali la kwanza karibu kila mara ni la nguo: si ndiye yule aliyekamatwa ufukweni? Ndivyo inavyosimuliwa. Lakini kabla ya nguo kulikuwa na maji, na bila kuelewa alichokuwa akifanya majini, habari ya nguo inageuka kuwa umbea tu. Kwa hiyo majibu haya yanaanza na maji, ndipo yanafika kwenye nguo, jukwaa, sinema na miaka yake ya uzeeni.

## Mwanzo wake

Annette Kellerman alikuwa nani?

Alikuwa mwogeleaji kutoka Sydney, Australia, aliyezaliwa 1886 na kufariki 1975. Alishinda mashindano akiwa bado binti wa shule, akaogelea mito mikubwa ya Ulaya, akajaribu mara tatu kuvuka Mlango-bahari wa Uingereza, kisha akahamia Marekani na kuwa nyota wa majukwaa na wa filamu zisizo na sauti. Maonyesho yake ndani ya tangi la kioo yaliwafanya watazamaji wengi waone kwa mara ya kwanza kwamba mtu anaweza kucheza dansi chini ya maji. Ndiyo maana anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa uogeleaji wa kisanaa, mchezo ambao waogeleaji hufuata muziki na kulinganisha mienendo yao majini. Kama yeye ndiye mwanzilishi wake hasa, hilo lina jibu lake katika sehemu ya tangi la kioo.

Aliingiaje katika kuogelea?

Kwa sababu ya miguu yake. Baba yake, Frederick, alikuwa mpiga fidla. Mama yake, Alice Charbonnet, alikuwa mpiga piano mwenye asili ya Ufaransa. Nyumba ilijaa muziki, lakini binti yao alikuwa na miguu dhaifu kiasi cha kufungwa vyuma vya kuinyoosha, vyuma vyenyewe vikimuumiza. Alipokuwa na umri wa miaka 6 hivi, wazazi walimpeleka kujifunza kuogelea katika mabwawa ya ukoo wa Cavill huko Sydney.

Hapa alipata bahati kubwa. Akina Cavill walikuwa miongoni mwa walimu hodari kabisa wa kuogelea wa zama zile, na ndio wanaotajwa sana katika kukuza mtindo wa kasi ambao leo tunauona kwenye kila shindano la mtindo huru. Mtoto aliyepelekwa kutafuta nafuu akaangukia mikononi mwa mafundi. Maji hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, hivyo misuli dhaifu hupata mazoezi bila kubebeshwa mzigo ambao haiuwezi bado. Alipofika miaka 13 miguu yake ilikuwa karibu sawa na ya mtu mwingine yeyote, na alipofika 15 alikuwa ameshajua mitindo yote ya wakati ule na kushinda shindano lake la kwanza.

Ni kweli kwamba aliugua polio?

Utaikuta polio katika baadhi ya makala, lakini maelezo mengi zaidi yanazungumzia mifupa ya miguu iliyolegea na kupinda, yaani matege ya utotoni. Jambo ambalo maelezo yote yanakubaliana ni udhaifu wa miguu na vile vyuma. Ukiandika habari zake, shika hilo.

Alikuwa mshindani wa kweli, au msanii aliyejua kuogelea?

Alikuwa mshindani kwanza. Mwaka 1902 alitwaa ubingwa wa wanawake wa jimbo la New South Wales katika yadi 100 na katika maili moja, kote kwa muda wa rekodi: dakika 1 na sekunde 22 kwa yadi 100, na dakika 33 na sekunde 49 kwa maili. Ili kuona uzito wa namba hizo, kumbuka kwamba nguo zenyewe zilikuwa nzito zikilowa.

Usanii ulifuata mara moja. Familia ilihamia Melbourne, mama akapata kazi ya kufundisha muziki katika shule ya wasichana ya Mentone, na Annette akasoma hapo. Akiwa bado mwanafunzi alifanya maonyesho ya kuogelea na kupiga mbizi katika mabwawa ya jiji, akacheza kama nguva, na akawa akiingia katika tangi la kioo la jumba la samaki kuogelea pamoja na samaki, maonyesho mawili kwa siku. Watu wengi hudhani tangi la kioo lilibuniwa na matajiri wa burudani wa New York. Yeye alikuwa ameshalizoea kabla hajatimiza miaka 20.

## Mito na bahari

Kwa nini aliondoka Australia?

Pesa. Mambo ya familia yalikuwa yameyumba, na mwaka 1905 alisafiri na baba yake kwenda Uingereza kutafuta riziki kwa kuogelea. London haikumngoja mtu. Ili ajulikane, aliogelea Mto Thames kutoka Putney hadi Blackwall, akipita katikati ya jiji penye meli na uchafu wa viwanda. Magazeti yakaandika, na gazeti la Daily Mirror likajitolea kumdhamini katika jambo kubwa zaidi.

Je, aliwahi kuvuka Mlango-bahari wa Uingereza?

Hapana. Alijaribu mara tatu, mara ya kwanza tarehe 24 Agosti 1905, na mara zote alishindwa. Kati ya Dover na pwani ya Ufaransa pana kilomita 33 hivi kwa mstari ulionyooka, lakini mwogeleaji haendi kwa mstari ulionyooka: maji yanapojaa na kupwa humsukuma pembeni, na baridi humla nguvu saa baada ya saa. Wakati ule ni mtu mmoja tu, Kapteni Matthew Webb, aliyekuwa amevuka, mwaka 1875. Kellerman mwenyewe alisema baadaye kwamba ustahimilivu alikuwa nao, nguvu za mwili ndizo zilizopungua.

Mwanamke wa kwanza kuvuka alikuwa Mmarekani Gertrude Ederle, mwaka 1926.

Lakini si alikuwa mwanamke wa kwanza kujaribu?

Imeandikwa hivyo sehemu nyingi, lakini si kweli. Baronesa Walburga von Isacescu wa Austria alijaribu mwaka 1900, miaka mitano kabla yake. Na wawili hao walikuja kukutana: mwaka 1906 Kellerman alishindana na baronesa huyo katika Mto Danube, kutoka Tulln hadi Vienna, na kumshinda. Isacescu amesahaulika karibu kabisa, nami naona ni dhuluma. Sifa za Kellerman ni nyingi za kutosha; haina haja ya kumpa na za mwenzake.

Aliwahi kushindana na wanaume?

Ndiyo. Katika Mto Seine, jijini Paris, aliingia katika shindano la takriban maili 7 lenye wanaume 17 na kumaliza katika nafasi ya tatu.

## Ile nguo

Nguo yake ilikuwa na ajabu gani?

Anza na nguo za wenzake. Mwanamke wa mwanzo wa karne ya 20 aliyekwenda ufukweni Ulaya au Marekani alivaa gauni la sufu, suruali pana ndani yake, soksi ndefu na mara nyingi viatu. Sufu ikinywa maji inakuwa mzigo, na gauni likielea huzungukia miguu. Kwa kuchovya miguu pembeni mwa bahari, nguo hiyo inatosha. Kwa kuogelea maili 13 ni kitanzi.

Kellerman alivaa nguo ya kushindania ya wavulana, kipande kimoja kinachobana mwili. Alipoalikwa kuonyesha ufundi wake mbele ya watu wa ukoo wa kifalme jijini London, akaambiwa haiwezekani miguu ionekane wazi. Akanunua soksi ndefu nyeusi akazishonea kwenye nguo ile, mshono ukiishia pale kaptura ilipokoma. Ikatoka nguo moja nyeusi kutoka mabegani hadi vidole vya miguu.

Kwa hiyo picha ambayo watu wengi wanayo kichwani, ya binti aliyekwenda nusu uchi, siyo. Nguo iliyompa jina ilimfunika zaidi ya nguo nyingi za kuogelea za leo, zikiwemo za mashindano. Kilichowashtua watu ni kwamba ilionyesha umbo la mwili. Baadaye aliuza nguo za kuogelea zenye jina lake, na "Kellerman" likawa jina la aina ya vazi katika maduka ya Marekani.

Je, ni kweli alikamatwa Revere Beach?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Simulizi inasema hivi: mwaka 1907, akiwa katika ufukwe wa Revere karibu na Boston, alitokea na nguo yake ya kipande kimoja, polisi wakamkamata kwa kosa la kukiuka maadili, akafikishwa mbele ya hakimu, akajieleza kwamba hawezi kuogelea akiwa amevaa gauni, na hakimu akamwelewa kwa sharti la kujifunika joho mpaka afike majini.

Ni simulizi tamu na inawezekana ina chembe ya kweli: ni hakika kwamba alifanya kazi Revere, katika bustani ya burudani ya Wonderland. Lakini masimulizi tuliyo nayo yanatoka kwake mwenyewe na kwa watu waliomnukuu miaka mingi baadaye. Watafiti waliotafuta rekodi ya polisi au habari ya gazeti la siku zile hawakuipata. Kwa mwanamke ambaye magazeti yalifuatilia kila hatua yake, ukimya huo una uzito. Ushauri wangu ni kwamba ukiisimulia, sema "inasimuliwa". Mabadiliko ya nguo za kuogelea hayakuhitaji siku moja ya mahakamani. Yaliletwa na maelfu ya wanawake waliomwona akiogelea kwa raha, wakatamani nao.

Alikuwa anapigania wanawake wavae nusu uchi?

Soma jibu la nguo hapo juu. Alichopigania, na alikirudia katika maandishi na mihadhara yake, ni kwamba mwanamke ajifunze kuogelea kikweli, na nguo isimzuie. Kitabu chake cha 1918 cha kufundisha kuogelea kimejengwa juu ya hoja hiyo.

Hata hivyo nisifiche: katika filamu yake kubwa ya 1916 kuna sehemu alizoonekana bila nguo, nywele ndefu zikimsitiri, na filamu ilitangazwa kwa kutumia hilo. Alikuwa mfanyabiashara wa burudani na alijua kinachojaza ukumbi.

## Tangi la kioo na uogeleaji wa kisanaa

Alifanya nini hasa ndani ya tangi?

Alipiga mbizi kutoka juu, akazunguka chini ya maji kwa mikunjo ya mgongo, akageuka, akasimama wima akiwa amezama, akaonyesha hatua za baleti mahali ambapo hakuna sakafu. Historia nyingi za mchezo huu zinataja onyesho lake la 1907 katika New York Hippodrome, ukumbi wa viti zaidi ya 5,000, kama dansi ya kwanza maarufu ya chini ya maji.

Nawaomba wasomaji wanaojua kuogelea wajaribu kufikiria ugumu wake. Mapafu yaliyojaa hewa hukupandisha juu. Ili ukae chini lazima utoe kiasi fulani cha hewa, lakini ukitoa nyingi mno muda wako unakwisha. Lazima viganja vifanye kazi bila kukoma, vikisukuma maji kidogokidogo karibu na nyonga ili mwili usihame, huku mtazamaji aliye nyuma ya kioo asiione kazi hiyo. Macho yawe wazi. Uso usikunjike. Ukipinduka kichwa chini, maji huingia puani. Waogeleaji wa leo wana kibanio cha pua, naye ilimbidi aongoze pumzi yake tu.

Na alipovaa mkia wa nguva ugumu uliongezeka. Miguu ikifungwa pamoja, kupiga miguu kwa zamu hakuwezekani. Msukumo wote lazima utoke tumboni na kiunoni na kushuka hadi mwisho wa mkia kwa wimbi moja. Kwa binti aliyeanza maisha na miguu ndani ya vyuma, kufanya kazi kwa miguu iliyofungwa na bado kupendeza ni jambo ambalo mimi hulistaajabia kila ninapoziona picha zake.

Basi yeye ndiye mwanzilishi wa mchezo huu?

Ni mwasisi, lakini hakuuanzisha kama mchezo wa mashindano. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba dansi ya majini inawezekana na inavutia umati. Aliyeipa taratibu za mchezo ni mwalimu wa Kimarekani Katharine Curtis, aliyeanza majaribio chuoni Wisconsin miaka ya 1910 na kuendeleza kazi hiyo Chicago kwa kuunganisha mienendo ya majini na muziki. Kundi lake la waogeleaji lilionekana katika maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago ya 1933 na 1934, na hapo mtangazaji Norman Ross, naye bingwa wa zamani wa kuogelea, akaupa mchezo jina lililoenea kwa miaka mingi, *synchronized swimming*, yaani uogeleaji wa kulinganisha mienendo. Mwaka 1939 vyuo viwili vya Chicago vikafanya shindano.

Watu hupenda kuuliza nani zaidi kati ya wawili hao. Naona swali lenyewe halisaidii. Kellerman alikuwa peke yake tangini na kipimo chake kilikuwa makofi. Curtis alikuwa na darasa zima na kipimo chake kilikuwa alama. Mchezo wa leo unahitaji vyote viwili.

Kwa nini Kellerman hakushiriki Olimpiki?

Kwa sababu mbili, na yoyote kati yake ingetosha. Wanawake hawakuruhusiwa kuogelea katika Olimpiki hadi Stockholm mwaka 1912. Na wakati huo yeye alikuwa ameshalipwa kwa kuogelea miaka mingi, jambo ambalo kwa sheria za zama zile lilimfungia mlango wa michezo ya ridhaa.

Stockholm ilikuwa sherehe ya Sydney hata hivyo: Fanny Durack alishinda dhahabu ya mita 100 na Mina Wylie fedha, wote wasichana wa jiji lake. Uogeleaji wa kisanaa wenyewe ulisubiri sana. Shirikisho la kimataifa liliutambua miaka ya 1950, mashindano ya dunia ya kwanza yakaujumuisha Belgrade 1973, na Olimpiki ikaupokea Los Angeles 1984, miaka tisa baada ya Kellerman kufariki.

Kazi yake inatofautianaje na mchezo wa leo?

Leo timu ina waogeleaji wanane, hawaruhusiwi kugusa sakafu ya bwawa, spika za chini ya maji huwawezesha kusikia muziki wakiwa wamezama, na waamuzi hutoa alama kwa ugumu, usahihi na usanii. Kellerman hakuwa na mwenzake wa kulingana naye wala mwamuzi. Lakini msingi ni uleule: mgongo unaokunjika, viganja vinavyofanya kazi kwa siri, pumzi, na uso usiofichua mateso.

Wanaume wanaruhusiwa?

Ndiyo. Mmarekani Bill May aliogelea katika jozi mchanganyiko kwenye mashindano ya dunia ya Kazan mwaka 2015, na sheria za Olimpiki ya Paris 2024 ziliruhusu hadi wanaume wawili katika timu, ingawa hakuna aliyeingia majini.

Na Afrika?

Misri na Afrika Kusini zimewahi kupeleka waogeleaji wa kisanaa katika Olimpiki, na Misri ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi.

## Jukwaa na sinema

Aliishije kwa kazi hii? Ililipa?

Ililipa vizuri sana. Marekani ya wakati ule ilikuwa na kumbi za vodevili, yaani maonyesho mchanganyiko ya nyimbo, vichekesho, sarakasi na mazingaombwe, na wamiliki waligombania majina makubwa. B. F. Keith, mmoja wa matajiri wa kumbi hizo, alifika hadi mahakamani mwaka 1909 kujaribu kumzuia Kellerman asiende kufanya kazi kwa mshindani wake, William Morris. Hii ni kesi iliyoandikwa, tofauti na ile ya Revere.

Aliwahi kuitwa "mwanamke mkamilifu"?

Ndiyo, na jina hilo lilimfuata maisha yake yote. Dk. Dudley Sargent wa Harvard, aliyekuwa akipima miili ya wanawake kwa maelfu, alitangaza karibu mwaka 1908 kwamba vipimo vya Kellerman vinakaribia kabisa vile vya sanamu ya Venus ya Milo. Magazeti yalilipenda. Kwa jicho la leo upimaji ule unachukiza, maana unamgeuza mtu kuwa orodha ya vipimo. Hata hivyo, mwili ule uliosifiwa kana kwamba ulizaliwa hivyo ulitengenezwa na mazoezi, kuanzia vyuma vya miguuni.

Aliigiza katika filamu gani?

Alianza na filamu fupi. Kisha ikaja *Neptune's Daughter* (1914), iliyopigwa Bermuda chini ya mwongozaji Herbert Brenon. Katika utengenezaji wake tangi la kioo lilipasuka, na Kellerman na Brenon wote wakaumia. Hawakuacha. Mwaka 1916 wawili hao wakafanya *A Daughter of the Gods* huko Jamaica kwa ajili ya mwenye studio William Fox, filamu iliyotangazwa kuwa imegharimu dola milioni moja, kiasi ambacho hakikuwa kimesikika. Zikafuata *Queen of the Sea* (1918), *What Women Love* (1920) na ya mwisho, *Venus of the South Seas* (1924), iliyopigwa New Zealand.

Mbizi zile alizipiga mwenyewe?

Mwenyewe. Inayotajwa zaidi ni ya futi 92, yaani mita 28 hivi, kuingia baharini. Kwa kulinganisha, jukwaa la juu kabisa la Olimpiki ni mita 10. Alipenda pia kutembea juu ya kamba na hakutaka mtu wa kumbadili katika sehemu za hatari.

Filamu hizo naweza kuzitazama?

Nyingi zimepotea. *A Daughter of the Gods*, ile ya milioni moja, haipo. Kilichobaki chake ni picha za mnato. Filamu ndefu iliyosalia kamili ni *Venus of the South Seas*. Filamu za zama zile zilikuwa juu ya ukanda wa nitrati ya selulosi, unaoshika moto kirahisi na kuoza, na studio hazikuona sababu ya kutunza kazi ambayo tayari ilikuwa imeingiza fedha. Hasara hii inaniuma, kwa sababu ufundi wa mwogeleaji hauwezi kusomeka katika picha moja iliyosimama.

Filamu ya Esther Williams inamhusu yeye?

Ndiyo. *Million Dollar Mermaid* ya 1952 ni maisha ya Kellerman yaliyotiwa chumvi za Hollywood, hasa upande wa mapenzi. Esther Williams alikuwa bingwa wa Marekani wa mita 100 mwaka 1939 na alikosa Olimpiki ya 1940 kwa sababu ilifutwa na vita. Maonyesho makubwa ya majini yalipangwa na Busby Berkeley. Katika kuitengeneza, Williams aliruka kutoka juu akiwa amevaa taji la chuma, akavunjika mifupa ya shingo, akakaa miezi ndani ya plasta.

Itazame kwa uzuri wake, lakini usiitumie kama chanzo cha historia. Wanaosema "niliona alivyokamatwa" wameliona tukio hilo humo.

## Maisha binafsi na urithi

Aliolewa? Alikuwa na watoto?

Aliolewa mwaka 1912 na James Sullivan, Mmarekani aliyekuwa meneja wake. Waliishi pamoja hadi uzeeni, mume akamtangulia. Hawakujaaliwa watoto.

Alifanya nini baada ya sinema?

Aliendelea kufundisha na kuhutubia juu ya afya. Hakula nyama maisha yake yote, na kwa muda alikuwa na duka la vyakula vya afya huko Long Beach, California. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alirudi Australia, akalifanyia kazi shirika la Msalaba Mwekundu na kuwaburudisha askari. Aliandika pia vitabu, kikiwemo cha hadithi za watoto. Mwaka 1970 yeye na mumewe walihamia Australia moja kwa moja, na watu walimwona akiogelea hata katika uzee. Alifariki Southport, Queensland, Novemba 1975, na majivu yake yakatawanywa katika Tumbawe Kubwa la Australia.

Wapi naweza kuona kumbukumbu zake?

Mavazi yake ya jukwaani, aliyoyakusudia kwa jumba la opera la Sydney, yanatunzwa na makumbusho ya Powerhouse ya jiji hilo. Mwaka 1974, akiwa bado hai, aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa kuogelea wa kimataifa ulioko Florida. Ana nyota yake katika njia ya wasanii ya Hollywood. Na mtaani alikotokea, katika bustani ya Enmore, pana mabwawa ya umma yenye jina lake, yaliyofunguliwa 2011, ambako watoto wa Sydney hujifunza kuogelea.

Ni Kellerman au Kellermann? 1886 au 1887?

Ukoo ni Kellermann; kwenye jukwaa na mabango n moja ilidondoshwa. Ukipekua magazeti ya kale ya Australia tafuta kwa n mbili, ya Marekani kwa n moja. Mwaka wa 1887 utaukuta katika maandishi mengi ya zamani, lakini kamusi ya wasifu ya Australia inatoa tarehe 6 Julai 1886. Umri uliotajwa kwenye mabango usiutegemee, maana mara nyingi ulipunguzwa.